Somo la Familia: Kuitayarisha Nyumba ya Mbao Kabla ya Baridi

Somo la toleo hili ni la nyumba, na hasa nyumba ya mbao ya sisi tunaokaa huku juu kwenye baridi: Njabini, Magumu, Engineer, Ndunyu Njeru na Kinangop yote. Hata wenzetu wa Molo na Limuru wanaweza kulitumia. Tunalitoa mapema kwa makusudi, kwa maana somo la baridi likitolewa mwezi wa saba, mara nyingi linakuwa somo la matanga.

Jambo lenyewe ni hili. Kila mwaka, baridi ikishika kati ya Juni na Agosti, tunasikia habari ile ile: familia imelala na jiko la makaa ndani, asubuhi majirani wanagonga mlango, hakuna anayefungua. Ndipo machifu, wauguzi na sisi watu wa kanisa tunasimama mbele ya watu na kusema, msilale na jiko. Watu wanaitikia. Usiku baridi ikiingia, jiko nalo linaingia. Kwa maoni yetu, hiyo si kwa sababu watu hawasikii. Ni kwa sababu nyumba inaingiza baridi kila upande, na mzazi mwenye mtoto anayetetemeka hawezi kumfunika kwa onyo. Bibi mmoja tuliyemtembelea alituuliza swali la haki kabisa: jiko likishatoka nje, yeye atabaki na nini? Kwa hiyo somo hili halianzi na jiko. Linaanza na paa na kuta, ndipo lifike kwa jiko.

Baridi yetu inatoka wapi

Kinangop iko kati ya mita 2,400 na 2,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyuma yetu milima ya Nyandarua inapanda hadi karibu mita 4,000. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi 6 hivi. Tena tuna baridi za aina mbili. Ile ya Juni hadi Agosti, ambayo wengi hapa huiita gathano, ni baridi ya mawingu: jua halionekani hata siku kadhaa, na kila kitu kinabaki na unyevu. Ile ya Januari na Februari ni ya usiku usio na wingu, nayo ndiyo huleta jalidi, ule weupe unaolala juu ya nyasi na kuchoma viazi shambani. Mchana wa miezi hiyo ni mkavu na wa jua. Hiyo ndiyo nafasi yetu ya kutengeneza nyumba, kabla mvua ndefu za Machi hazijaanza.

Paa linalotoa jasho

Nyumba nyingi za huku zimeezekwa mabati, na chini ya mabati hakuna kitu. Bati halishiki joto. Usiku ukiwa mtulivu linapoa hata kuliko hewa iliyo nje. Nyinyi mlio ndani mnapumua, sufuria imechemka, nguo mbichi zimeanikwa kwenye kamba, na unyevu huo wote unapanda juu. Ukifika kwenye bati baridi unageuka maji na kudondoka, na alfajiri blanketi limelowa. Wengi huita fundi aje azibe matundu, na fundi anaziba matundu ambayo hayapo. Njia ya kutambua ni rahisi. Maji yakidondoka huku na huku asubuhi ambayo haikunyesha, hilo ni jasho. Yakidondoka mahali pamoja kila mvua inaponyesha, hilo ni tundu.

Dawa ya jasho ni dari. Mwenye uwezo ataweka mbao au silingi ya kununua, na hana haja ya kufundishwa na sisi. Asiye na uwezo achukue magunia, ayafue, ayaanike, ayafumue na kuyashona pamoja yawe kama shuka kubwa. Shuka hiyo hupigiliwa kwa fito nyembamba kutoka ukuta hadi ukuta, ikivutwa sawasawa isilegee, kisha inapakwa chokaa. Chokaa inaleta mwanga chumbani, na inafanya gunia lisishike moto kwa haraka. Juu ya magunia unaweza kutandaza katoni zilizofunguliwa. Usijaze nyasi kavu wala maranda huko juu. Utakuwa umewajengea panya nyumba, na cheche moja inatosha. Pia usiibane dari ikagusa bati. Ile nafasi iliyo katikati ndiyo inayozuia joto lisitoroke, na kwenye pembe za paa, pande zote mbili, acha uwazi mdogo wenye waya wa kuzuia ndege ili unyevu utoke.

Dari ya magunia ni ya chumba cha kulala tu. Jikoni, juu ya moto, hapana kabisa.

Kuhusu matundu yenyewe, kagua misumari kwanza. Msumari wa bati hupigwa kwenye mgongo wa wimbi. Ukipigwa bondeni, maji yanapita hapo hapo, na tumeona nyumba mpya kabisa zinazovuja kwa kosa hilo. Raba ya msumari ikiisha, toa msumari, weka raba nyingine. Tundu dogo huzibwa kwa lami na kitambaa, siku ya jua, bati likiwa kavu. Unapopanda, laza ubao juu ya bati na ukanyage ubao. Ukishuka, safisha gata, maana majani ya saiprasi huziba gata na maji yakafurika yakilowesha ukuta. Na kama makombamoyo yameshikwa kwa msumari mmoja mmoja tu, yafunge na waya kwenye nguzo. Upepo wa huku hauna heshima.

Kuta: mbao hutembea

Mbao nyingi tunazonunua hazijakauka. Fundi anazipigilia zikiwa mbichi, zimebanana vizuri, na mwenye nyumba anafurahi. Baada ya mwaka mmoja zimesinyaa na mtu anaweza kupitisha kidole katikati. Januari, mbao zikiwa kavu kabisa, ndipo mianya inaonekana yote. Ingia ndani mchana, funga mlango na madirisha, na utafute mahali mwanga unapoingia. Tia alama kwa makaa. Usiku washa mshumaa, uusogeze polepole kwenye pembe na chini ya mlango, mbali na pazia. Mwali ukiinama, upepo unapita hapo.

Mwanya mrefu hufunikwa kwa kipande chembamba cha mbao, upande wa nje. Hapa kuna siri ambayo mafundi wazuri wanaijua: kipande hicho kipigiliwe kwenye ubao mmoja tu, kisipigiliwe kwenye zote mbili. Mbao hutembea, hujaa maji wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa jua. Ukizifunga zote mbili pamoja, moja itapasuka. Kwa nyumba za mabanzi, yale magamba ya nje ya gogo, mianya ni mikubwa na haina mpango, na udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe pamoja na nyasi zilizokatwa bado ndio bora, ukipakwa ndani kwa tabaka mbili. La kwanza likauke na kupasuka, ndipo la pili lipakwe.

Wengine hubandika magazeti au katoni ukutani kwa uji wa unga. Inasaidia kwa upepo, hatukatai, lakini uji huo huita mende na panya, na karatasi iliyo karibu na jiko au taa ya mafuta ni moto unaosubiri. Basi ibandikwe chumba cha kulala tu, mbali na taa. Na ile mifuko ya plastiki ya kuziba matundu, tangu ilipopigwa marufuku mwaka wa 2017 hatuioni sana, na si hasara: ilikuwa inashika maji na kuozesha mbao kwa ndani. Kitambaa kilichofumbatwa na kusokotwa ni bora.

Chini ya ukuta angalia udongo. Watu wanalima, wanafagia, na kidogo kidogo udongo unapanda mpaka unagusa mbao. Mbao inayogusa udongo itaoza, hata ingekuwa nzuri namna gani. Uondoe udongo, chimba mtaro mdogo kuzunguka nyumba upeleke maji mbali. Nguzo za mtarakwa hudumu. Nyingine zinahitaji msaada. Oili chafu ya gari hupakwa nje, sehemu ya chini, na huzuia maji na mchwa kiasi. Lakini isipakwe ndani ya nyumba, wala karibu na gata na tangi la maji ya kunywa. Tena ubao uliokunywa oili unawaka vizuri, kwa hiyo usitumike kwa ukuta wa jikoni.

Sakafu ya udongo hunyonya joto la mtu aliyelala. Kama hakuna kitanda, watoto walalie jukwaa la fito lililoinuliwa hata futi moja tu, lenye nyasi kavu ndani ya gunia chini ya godoro. Mara nyingi blanketi la pili linafaa zaidi likiwekwa chini ya mtoto kuliko juu yake.

Kuni

Kuni za Julai hupasuliwa Januari. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji, na moto wako utafanya kazi ya kuchemsha maji hayo kabla ya kukupa joto. Moshi unakuwa mwingi, na anayeula ni mama na mtoto aliye mgongoni. Pasua vipande vyembamba, vipange chini ya upenu juu ya mawe, upepo upite katikati.

Sasa jiko

Makaa yakiungua hutoa hewa inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiumizi macho kama moshi. Ikiingia kwenye damu hushikamana na ile sehemu inayobeba oksijeni, tena kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mtu anapumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili unakosa hewa. Aliyelala haamki. Aliye macho anahisi miguu haina nguvu, na mlango ulio hatua tatu hawezi kuufikia.

Kuna mambo yanayosemwa katika vijiji vyetu ambayo ni lazima tuyakanushe waziwazi. Inasemwa kwamba makaa yakishaiva, yakawa mekundu bila moshi, hayana sumu. Si kweli, moshi na sumu hii ni vitu viwili. Inasemwa kwamba ukifunika makaa kwa majivu yanakuwa salama mpaka asubuhi. Hilo ni baya zaidi, kwa sababu makaa yanayokosa hewa ndiyo hutoa sumu hii kwa wingi. Wengine huweka sufuria ya maji kando ya jiko ili inyonye sumu. Maji hayainyonyi. Na wengine wanasema nyumba ya mbao ina mianya ya kutosha. Pengine, lakini ni wewe uliyeziba mianya hiyo Januari kwa kufuata somo hili! Ndiyo maana tunasema kuziba upepo na kuacha hewa ni kazi mbili zinazokwenda pamoja. Ukifanya ya kwanza bila ya pili, umeiweka familia katika hatari kubwa kuliko mwanzo.

Hata lile jiko lenye udongo ndani, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, linapunguza makaa unayonunua, halifanyi chumba cha kulala kuwa salama. Jiko la gesi nalo si la kupashia chumba moto. Gesi ya mtungi ni nzito. Ikivuja hulala sakafuni ikingoja cheche.

Basi kila chumba cha kulala kiwe na matundu mawili yasiyofungwa kamwe, kila moja ukubwa wa kitabu cha nyimbo, juu karibu na dari, kwenye kuta mbili zinazotazamana, yenye waya wa chandarua. Yakiwa juu, upepo haumpigi aliyelala. Chunguza mara kwa mara, kwa maana watoto, na hata wazee, huyajaza matambara usiku wa baridi kali. Matundu haya ni ya kupumua na kutoa unyevu. Hayampi mtu ruhusa ya kulala na jiko.

Kwa wanaokaa chumba kimoja wakipika na kulala humo humo, na ni wengi sokoni, mpango uwe huu: pika mapema mlango ukiwa wazi, jiko litoke nje makaa yakiwa bado yanawaka, mlango ubaki wazi kidogo kwa muda, ndipo mlale. Na joto la usiku? Ipashe miili, usipashe chumba. Chupa ya raba ya maji moto, ile ya kuuzwa kwenye duka la dawa, ijazwe maji yasiyochemka sana, ifungwe kwa kitambaa, iwekwe kitandani nusu saa kabla ya kulala, na kwa mtoto mchanga iondolewe kabla hajalazwa. Asiye nayo apashe jiwe kavu kando ya moto na kulifunga kwa nguo nzito. Lisiwe jiwe la mtoni, maana maji yaliyo ndani yake hulipasua. Soksi na kofia kichwani zinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Uji wa moto kabla ya kulala pia ni blanketi.

Kama watu kadhaa wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja, wana kizunguzungu, wanatapika, wamelegea, na hawana joto mwilini, msiseme ni homa. Fungueni milango, watoeni nje wote, anayepumua lakini hajitambui alazwe ubavu, wapelekwe hospitali haraka wakapewe oksijeni. Anayeingia kuwatoa afungue mlango na dirisha kwanza, asikae ndani.

Moto na mlango

Nyumba ya mbao ikishika moto haingoji mtu. Mwezi wa baridi, usifungie watoto ndani kwa kufuli ya nje, hata kama unaenda dukani tu. Ufunguo wa usiku uwe mahali pamoja ambapo kila mtu anaweza kuushika gizani. Dirisha moja la chumba cha watoto lifunguke kwa ndani bila kifaa. Wenye umeme wasitegemee jiko la koili kwenye waya mwembamba uliopachikwa ukutani na jirani anayejua kidogo.

Baridi ikishaanza

Kazi za kila wiki si nyingi. Jua likichomoza hata saa moja, toa blanketi na magodoro, fungua madirisha yote. Futa ukungu mweusi kwenye pembe kwa kitambaa cha maji ya sabuni. Nguo zikaukie jikoni, zisikaukie chumba cha kulala. Kagua mtaro baada ya mvua.

Na angalieni watoto. Mtoto mwenye kikohozi akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Mara 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, mara 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, mara 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5: mpeleke kliniki siku hiyo hiyo, inaweza kuwa nimonia. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, usingoje asubuhi. Tangu mwaka wa 2011 kuna chanjo ya kuzuia aina moja kubwa ya nimonia, hutolewa bure mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Kagueni kadi.

Kwa jumuiya ndogo ndogo

Yakobo, katika sura ya 2 ya barua yake, anawasema waumini wanaomwona mwenzao hana nguo, wakamtakia tu joto na shibe bila kumpa kitu. Tunaomba kila jumuiya isome sura hiyo Januari, kisha iandike majina ya nyumba ambazo wenyewe hawawezi kupanda paa: wajane, wazee wanaolea wajukuu, wagonjwa. Aende mtu mmoja anayeheshimiwa kuomba ruhusa kwanza. Mzee hapendi kuona vijana ishirini wamejaa uani wakihesabu matundu yake.

Tengeni Jumamosi moja ya Februari kwa nyumba mbili au tatu, zisizidi hapo, kazi iishe. Vinavyohitajika ni nyundo, msumeno, ngazi, misumari ya mbao na ya bati, waya, lami kidogo, magunia yaliyofuliwa, sindano ya magunia, chokaa, na samadi mbichi ya kukandikia. Akina mama wa kushona dari waanze Ijumaa. Anayejua kupima tundu la hewa awe mmoja, na asiondoke kabla hajaona yote mawili yako wazi. Mwezi wa sita watu wawili wapite tena jioni, baada ya chakula, waangalie jiko limelala wapi.